Maziwa ya Tuta

Maji yanayotoka chini ya tuta la bwawa yaligeuka meupe Jumatatu, siku nne kabla ya sherehe ya Walii. Bassou, mlinzi wa bwawa, aliyaona saa moja asubuhi alipokwenda kuyapima. Alichota maji kwa glasi ya chai, akaiinua juani, hakuona vidole vyake upande wa pili. Akakaa juu ya jiwe. Tuta lilikuwa linaliwa kutoka tumboni, na chini yake kulikuwa na kijiji cha watu mia nane.

Alijua kwa sababu baba yake alikuwa kibarua wakati linajengwa. Nje walimwaga udongo mwekundu wa mtoni. Katikati, kutoka chini hadi juu, waliweka ukuta wa udongo mweupe wa ufinyanzi uliochimbwa kilima cha Taddawt, wakaushindilia kwa magurudumu ya chuma mpaka ukawa hauingizi maji. Hapakuwa na udongo mweupe mahali pengine popote kwenye bonde lile. "Likitoa nyekundu," mzee alikuwa akisema, "tuta linaoga. Likitoa nyeupe, linatapika utumbo."

Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele.

"Maziwa," mmoja alisema. "Walii ametoa maziwa."

Mahali pale maji yanapotokea waliita Jicho la Walii, kwa sababu kaburi la Walii liko hatua thelathini tu kutoka hapo. Mwanamke aliyekosa maziwa ya kunyonyesha hunywa maji yake na kuoshea kifua. Bassou alizoea kuwatania kwamba Walii alilala pale miaka mia nne na kiu yake, akapata jicho la maji miaka mitatu baada ya serikali kujaza bwawa. Walicheka naye. Siku zile maji yalikuwa safi.

Miongoni mwao alikuwapo mkewe Tuda, amemshika mkono binti yao Itto. Itto alijifungua Jumamosi, mtoto wa kike, na mpaka siku hiyo ya tatu matiti yalikuwa hayajatoa kitu. Mumewe alikuwa kusini, pwani, akichuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki, na bosi wake hakumpa ruhusa.

"Usinywe hayo," Bassou alimwambia.

"Kwa nini asinywe?" Tuda aliuliza.

"Ni udongo huo."

"Na sisi ni nini, Baba Itto? Kunywa, mwanangu."

Itto alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akanywa.

Kesho yake alfajiri maziwa yakatoka. Mkunga wa zahanati angewaambia kwamba kwa anayejifungua mara ya kwanza maziwa mara nyingi hutoka siku ya tatu au ya nne, lakini hakuna aliyemuuliza. Tuda alitoka uani na blauzi ya Itto iliyolowa kifuani, akaianika mbele, upande wa njia, ili kila apitaye aione.

*

Bassou hakuipigia simu Idara ya Maji Jumatatu ile, na alikuwa na sababu.

Wiki tatu kabla, Bennasser, mlezi wa kaburi la Walii, alikuja na wazee wawili kuomba ruhusa. Walitaka kujengea Jicho hodhi la saruji na bomba, wageni wa sherehe wasikanyage tope. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani kwa Bassou kwa miaka ishirini na tisa: koleo lisiguse ardhi ndani ya hatua hamsini kutoka kwenye tuta. Pale chini ilizikwa changarawe ya kuchujia. Maji yapite, udongo ubaki. Bassou aliijua changarawe ile kama anavyojua meno yake.

"Haiwezekani," alisema.

"Haiwezekani kwa nani?" Bennasser aliuliza. "Bwawa ulijenga wewe? Baba yako alibeba ndoo tu."

Wazee wakacheka. Fundi aliyepewa kazi ile alikuwa Moha, ndugu yake Tuda. Jioni Moha alikuja, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji, kazi ya siku mbili tu. Tangu Ramadhani sijashika mwiko. Watoto wanakula mkate na chai, kisha chai na mkate."

"Utazuia maji."

"Nitaweka bomba, yatoke kwa adabu. Wewe geuza uso, basi. Siku mbili."

Bassou aligeuza uso siku mbili. Moha alichimba, akatupa changarawe yote kwa sababu ilikuwa na kutu, akamimina saruji. Siku ya tatu Tuda alipokea kutoka kwa Bennasser paja la kondoo, na wakalila. Maji yaliyokuwa lita kumi na mbili kwa dakika yakashuka hadi tano. Bassou akaandika tano kwenye daftari, na Idara ya Maji mjini wakampigia kumpongeza kwamba bwawa lake linapona. Alisema ahsante. Mtu ukimziba mdomo na pua atanyamaza, lakini hajapona.

Sasa saruji ilikuwa imepata ufa, na ufa ulikuwa unatoa maziwa.

*

Jumanne alijaza chupa ya asali kwa maji yale, akaifunga kwa kitambaa, akaenda tarafani. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Karani alipita mara nne.

"Mzee, unauza asali?"

"Ni maji."

"Umeleta maji mjini? Siku nyingine leta na mawe, tumepungukiwa."

Mkuu wa tarafa alikuwa kijana wa miaka thelathini na nane, na meza yake ilijaa kadi za mwaliko wa sherehe, kwa sababu Ijumaa gavana mwenyewe angekuja kutazama farasi. Bassou aliweka chupa kando ya kadi. Kwa saa nne za benchi maji yalikuwa yametulia. Juu yalikuwa safi kabisa.

"Naona maji," mkuu alisema. "Tena safi."

"Yametulia, bwana mkuu. Tazama chini."

"Kila chupa ina uchafu chini."

Bassou akaitikisa ayaone meupe. Kitambaa hakikuwa kimekaza. Maji yalimwagika mezani, yakaingia kwenye kadi, na jina la gavana likaanza kutiririka wino.

Mkuu alisimama. Hakupaza sauti. "Futa," alisema.

Hapakuwa na tambara. Bassou akavua kilemba chake, akafuta meza nacho, akasimama kichwa wazi mbele ya mtu aliye sawa na mwanawe.

"Daftari linasema lita ngapi?"

"Tano."

"Mwezi uliopita?"

"Kumi na mbili."

"Kwa hiyo yanapungua."

"Yanapungua pale, bwana mkuu. Yanatokea kwingine."

"Nani aliandika tano?"

"Mimi."

"Basi mimi naamini mkono wako kuliko mdomo wako. Nenda nyumbani."

Neno la kusema lilikuwa moja, hodhi. Lingemfungulia mkuu macho papo hapo. Lingemfukuzisha Bassou kazi vilevile, na kumtia Moha ndani. Bassou alikunja kilemba kibichi, akakitia mfukoni, akatoka.

Nje alimpigia Injinia Ghizlane, msichana wa Idara aliyekuja kukagua mara mbili kwa mwaka. Alikuwa kwenye bwawa jingine, safari ya siku nzima.

"Rangi gani?" lilikuwa swali lake la kwanza. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza rangi. Kwenye daftari hapakuwa hata na mahali pa kuiandika.

"Nyeupe, binti yangu."

"Kuna mtu amechimba karibu?"

Bassou alitazama watu wakipita na vikapu vyao.

"Mzee Bassou."

"Kuna hodhi," alisema.

"Fungua lango la chini," Ghizlane alisema. "Shusha maji mita tatu, nne, kadiri unavyoweza. Barua ya ruhusa nitaitafuta mimi. Usingoje."

"Wageni wa sherehe wamepiga mahema mtoni."

"Basi wayang'oe."

*

Jumatano asubuhi alishuka mtoni. Mto ulikuwa mkavu tangu bwawa lijengwe, na uwanda wake wa mchanga ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa mahema. Alipita hema kwa hema akiwaomba wahamie juu. Mwanamke mmoja alimpa kipande cha mkate akidhani anaomba sadaka. Bennasser alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mlinzi anaogopa maji. Mnajua nani mwingine huogopa maji? Mbwa mwenye kichaa."

Bassou akapanda tutani. Gurudumu la lango halikuguswa miaka kumi na moja. Alilimwagia mafuta ya zeituni, akachomeka nondo, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, isisogee. Akasikia mtu anahema nyuma yake. Ni Moha.

"Maharage yangu yanachemka, shemeji," Moha alisema. Shamba lake lilikuwa chini ya kaburi. "Kuna vishimo, mchanga unarukaruka ndani kama uji jikoni. Nimetia mkono. Maji ya baridi. Meupe."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Ni mimi, siyo?"

"Ni sisi. Shika nondo."

Walisukuma pamoja. Chuma kililia, kikakubali kiasi cha kiganja kimoja. Maji yalitoka chini na kishindo, rangi ya kahawa, yakashika mto. Yalifika magotini tu, lakini yalibeba mazulia, magunia ya unga, mbuzi wawili wa nadhiri, na sukari ya chai ya gavana. Hakufa mtu. Baada ya robo saa wanaume sitini walikuwa juu ya tuta.

Hawakumpiga sana. Bennasser alimshika ndevu, mwingine akamvua viatu akavitupa ziwani. Moha alipotaka kusema walimwambia fundi ashike mwiko wake. Mkuu wa tarafa alifika na askari wawili, akapanda taratibu asichafue suruali.

"Nani alikuamuru?"

"Injinia."

"Barua iko wapi?"

"Inakuja."

Mkuu alimzaba kibao kimoja, kwa mkono wa kushoto. "Funga."

Watu wanane walilifunga lango, kwa furaha, wakihesabu moja mbili tatu kila mzunguko. Ziwa lilikuwa limeshuka upana wa vidole vitatu.

Ghizlane alipiga simu alasiri. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimefika mpaka kwa mkurugenzi. Anasema daftari halina tatizo. Amepanga kikao Jumatatu."

"Litakaa mpaka Jumatatu?"

"Mzee, sikudanganyi. Mengine hukaa mwaka mzima hivyohivyo. Mengine hayafiki jioni. Watoe watu."

*

Alhamisi mtu wa mkuu alileta masharti. Bassou akamwombe Walii msamaha mbele ya watu, au akabidhi funguo na ahame nyumba ya serikali ifikapo Jumamosi. Bennasser naye akaongeza la kwake: Ijumaa ni siku ya saba ya mjukuu wa Bassou. Mtoto apewe jina pale pale, kwenye hodhi, mbele ya mahema, watu waone kwamba hata mlinzi haamini maneno yake.

"Ni heshima," Tuda alisema. Alikuwa anakanda unga, na hakuinua macho. "Wangetufukuza. Wametupa heshima."

"Wanataka mjukuu wangu awe rehani."

"Mjukuu wako amenyonya kwa sababu ya Jicho lile. Miaka ishirini na tisa unapima maji ya watu. Yametupa nini? Nyumba ambayo si yetu. Siku moja yametupa kitu, unataka kuyamwaga."

"Tuda, ule ni udongo wa tumbo la tuta."

"Na paja la kondoo ulilokula lilikuwa la nini?"

Itto alikuwa amekaa kwenye godoro, mtoto kifuani. Alikuwa na miaka ishirini, na kati ya watoto wao watano ndiye pekee aliyepita utoto. Alisubiri mama yake atoke kwenda tanurini.

"Baba. Wewe niambie tu. Ukisema nisiende, siendi. Wacha watufukuze."

"Sijui, mwanangu."

"Injinia amesema nini?"

Bassou alimtazama mtoto. Alikuwa anavuta kwa nguvu, shavu linaingia na kutoka. Aliiona nyumba, godoro, sanduku la Tuda, na barabara ya kwenda pasipo na mtu. Alibakiza miaka mitatu apate pensheni.

"Amesema linaweza kukaa mwaka mzima," alisema.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi nitakwenda. Tutamaliza mapema, turudi."

Alasiri ile Bassou alitembea pekupeku mpaka kaburini, kichwa wazi, mikono nyuma, kama afanyavyo mtu aliyeua anapoiomba radhi familia ya marehemu. Alibusu kizingiti. Vijana walimpiga picha kwa simu. Moha alikuwa amekaa ukingoni mwa hodhi aliyoijenga. Wengine wote walimtazama Bassou. Moha peke yake alitazama chini.

*

Ijumaa walimchinjia mtoto kondoo saa tatu. Bennasser alimwinua juu ya hodhi, akamnong'oneza adhana sikioni, akatangaza jina: Tazirit. Ni mwanga wa mwezi. Bassou alichagua mwenyewe. Watu walipiga makofi, wengine wakampa mkono, na mmoja wa wazee waliocheka wakati ule akamwambia, "Unaona? Mtu anaishi na watu." Matari yalianza. Gavana alikuwa anangojwa saa tano.

"Twendeni sasa," Bassou alimwambia Itto.

"Atakwenda vipi nyama haijaliwa?" Tuda alisema. "Wageni wamemzunguka. Saa moja tu, Baba Itto. Usituaibishe mara mbili."

"Saa moja," Itto alisema, akacheka. "Nenda kapime maji yako. Nakuja."

Alipanda kupima. Saa nne kasoro dakika chache alifika juu ya tuta, akakuta shimo kwenye njia anayotembea kila siku. Lingemeza punda. Hakuona mwisho wake, ila alisikia maji yanapita chini. Aligeuka upande wa ziwa. Karibu na ukingo maji yalikuwa yanazunguka taratibu, yamebonyea katikati, na kijiti kikaingia hapo kisitoke.

Alimpigia Itto. Ilikuwa inaita. Aliona kwa macho yake hema jeupe la Itto na mtoto, hatua mia mbili chini, na hakuona mtu akipapasa mfuko. Alipuliza filimbi. Matari hamsini yalikuwa yanapigwa kule.

King'ora cha bwawa kiliibiwa waya miaka mingi iliyopita, na badala yake kijiji kizima kilikubaliana ishara moja ambayo hata watoto waliijua: milio mitatu ya bunduki kutoka juu ya tuta, watu wakimbilie kilimani. Bunduki ilikuwa kwenye kibanda, imetiwa mafuta, risasi kando. Bassou aliichukua akafyatua moja, akahesabu mpaka tano, akafyatua ya pili, akahesabu, akafyatua ya tatu.

Uwanjani wapanda farasi arobaini walikuwa wamejipanga kwa mchezo wa baruti. Tangu asubuhi walikuwa wanakimbia kwa mstari na kufyatua wote kwa pamoja, na kila wakifyatua watu hushangilia. Waliposikia milio ya tutani waligeuka. Mmoja alimtambua. "Mlinzi ametia heshima," alisema, na wote wakainua bunduki wakamjibu, moshi ukafunika uwanja, na wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya Bassou.

Alipakia tena. Alifyatua tena mitatu. Wakamjibu tena, safari hii vizuri zaidi, mlio mmoja kama radi.

Mtu mmoja tu alielewa. Moha alitoka kwenye kivuli cha hema, akatazama juu, akaona Bassou anapunga kilemba na nyuma yake mgongo wa tuta umepinda kama kitanda kibovu. Angeweza kukimbilia kilimani. Alikuwa karibu. Alikimbia kuelekea kwenye hodhi, anapiga kelele, anasukuma watu, na watu walikasirika, wakamwambia fundi amelewa.

Bassou alianza kushuka. Hakufika hata nusu. Ukuta wa chini ulifunguka mbele yake, mahali pa Jicho hasa, tope jeupe kwanza, zito, kisha jekundu, kisha ziwa. Aliona hema jeupe likiinuka zima likiwa bado limefungwa kamba zake. Halafu ardhi aliyosimama ikamtupa pembeni, kwenye miamba, akavunjika mguu, na kutoka hapo alitazama kila kitu mpaka mwisho, kwa sababu hakuweza kuondoka.

Tuda alikuwa njiani kwenye mwinuko, ametoka nyumbani kuchukua siagi ya wageni. Alisimama na bakuli mkononi. Baadaye walisema alisimama hivyo mpaka adhuhuri, na siagi ikayeyuka ikamtiririkia viwikoni.

*

Ziwa lilimalizika kwa dakika hamsini. Gavana hakufika, gari lake lilirudishwa kwenye daraja la juu.

Itto alipatikana siku ya tatu, kilomita kumi na moja chini, kwenye bustani ya makomamanga ya watu wasiomjua, nao ndio waliomwosha. Moha hakupatikana. Watoto wake wanne walikuwa shuleni, na shule iko juu. Bennasser alipatikana amekufa ndani ya kaburi la Walii, kwa kuwa kuba lilisimama, na maji yaliingia mlangoni yakatokea dirishani. Mume wa Itto alifika Jumapili akiwa na doli la plastiki.

Kesi ilichukua miezi mitano. Idara ya Maji ilileta daftari, nalo lilikuwa safi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, lita tano, lita tano, lita tano. Injinia Ghizlane alitoa ushahidi kuhusu rangi, akaulizwa rangi hiyo imeandikwa wapi. Mkuu wa tarafa alihamishiwa tarafa kubwa zaidi. Bassou alikiri hodhi bila kuulizwa, na hakimu akamwambia azungumze akiulizwa. Alifungwa miaka miwili kwa kufungua lango bila barua, na pensheni yake ikafutwa. Alipotakiwa kusema neno la mwisho alisema Injinia alimwambia mambo mawili, na yeye alimwambia binti yake moja. Mkalimani wa mahakama hakuona umuhimu wa kulitafsiri.

Tuda alikwenda kukaa na wajane wengine kwenye mabanda ya bati. Hakumtembelea gerezani hata mara moja. Mwezi wa pili alimtumia nguo safi na mkate wa shayiri kwa mkono wa mtu, bila salamu.

Hasara iliorodheshwa na karani wa tarafa, yule yule. Nyumba mia moja na arobaini na mbili. Miti ya zeituni elfu mbili na mia tatu. Farasi ishirini na sita. Kondoo hawakuhesabika. Watu waliozikwa na waliopotea, kwa hesabu ya kijiji, walikuwa sabini na mmoja, na Tuda alikwenda mwenyewe kuhakikisha majina. Karani alimwonyesha karatasi. Ilikuwa na sabini. Mtoto wa siku saba hakuwa amesajiliwa, alieleza, na asiyesajiliwa kuzaliwa hawezi kusajiliwa kufa.

"Anaitwa Tazirit," Tuda alisema.

"Pole, mama," karani alisema. "Sabini."